Wigi ya Maman Pilar

Walikuwepo rafiki yangu Zulaikha, ambaye ni msusi wa Kamembe, Patricie muuguzi, na Maman Pilar, maiti tangu jana, chini ya shuka. Maman Pilar aliigiza Uhispania, jukwaani na kwenye filamu, kabla ya kuzeekea Cyangugu. Alimbebea Zulaikha mtoto wake Hakimu kila Zulaikha aliposuka wateja. Zulaikha alikuwa amemwahidi kwamba atazikwa na wigi yake nyeusi ya jukwaani, ikiwa safi.

Mvua ilitia giza chumbani.

“Patricie, wigi hii inanuka jasho la leo.”

“Osha tu, Maman Hakimu. Alikupenda.”

Zulaikha aliitia wigi kwenye beseni la maji; mafuta yake yaliteleza vidoleni. Ndani ya beseni ilisikika sauti kama ya mtoto anayenyonya. Alipoigeuza, mvi changa zilikuwa zimeota kwenye kitambaa cha ndani ya wigi.

Zulaikha alitapika, kisha akamaliza kuiosha, akamvika marehemu.

Asubuhi, walipofunika jeneza, mvi zilikuwa zimefika masikioni.