Mikono Kumi na Miwili ya Kushoto

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua soksi, Kinanda alikabidhiwa sumaku. Ilikuwa sumaku nzito iliyofungwa kamba, na kazi yake ilikuwa kuiburuta sakafuni katika chumba cha ushonaji cha shangazi yake, chini ya mashine tatu na meza ndefu ya kukatia, mpaka pini zote zilizodondoka ziing'ang'anie. Aliifanya kazi hiyo huku akiimba. Ndiyo maana wakamwita Kinanda.

"Wewe mtoto, tangu uingie umekwama kwenye ubeti mmoja," alisema Fundi Vifungo, kijana aliyeshona vifungo na kupiga pasi. "Masikio yangu yanaomba likizo."

"Kwani yanafanya kazi?" akadakia Bibi Mkasi bila kuinua macho. "Jana nimekuita mara tatu uniletee chaki, ukaitika mara ya nne."

Bibi Mkasi ndiye aliyekata nguo zote mle ndani. Ndiye pia aliyemfundisha Shangazi kushika mkasi, miaka ile Shangazi alipokuwa msichana asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano. Siku hizi Shangazi hakupenda kulitaja jambo hilo. Siku hizi jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama na mwalimu wa watoto. Akisimama kufundisha juu ya upendo na unyenyekevu, hata watoto watundu walitulia.

Wiki ile kulikuwa na kazi ya kanisa: majoho sita ya watoto wa kwaya, ya satini ya kijani, yavaliwe Jumapili. Joho moja lilikuwa la Kinanda mwenyewe, tena yeye ndiye aliyechaguliwa kuimba ubeti wa kwanza peke yake.

Jumanne alasiri Bibi Mkasi alilaza vipande kumi na viwili vya satini mezani, kimoja juu ya kingine, tayari kwa kukata mikono ya majoho kesho yake asubuhi. Alivinyoosha kwa kiganja, akaviwekea vyuma vizito pembeni visiteleze, kisha akaenda zake nyumbani. Shangazi alikuwa ametoka kununua uzi. Fundi Vifungo alikuwa nje, anabishana na jirani kuhusu mpira.

Kinanda alibaki peke yake na ile satini. Akaitazama. Akaigusa. Kisha akaondoa vyuma, akachukua kipande cha juu, akajitanda mabegani na kuanza kuimba mbele ya kioo cha wateja, mikono juu, kama tayari ni Jumapili. Alipogeuka, ncha ya kitambaa ilikumba rundo lililobaki. Vipande vyote vikateleza, vikamwagika sakafuni kama maji.

"Mungu wangu!"

Aliviokota haraka. Alikumbuka vizuri kwamba kipande cha juu kilikuwa kimelazwa upande uliofifia ukitazama dari, na ule unaong'aa ukiwa chini. Basi akavilaza vyote hivyo hivyo, akanyoosha pembe na kurudisha vyuma. Rundo lilionekana lilelile. Hakumwambia mtu.

Jumatano aliporudi shule alikuta mashine zimenyamaza. Mikono yote ya majoho ilikuwa imetandazwa mezani, na Shangazi alikuwa amesimama juu yake, kiuno ameshika. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi wakisubiri nguo zao.

"Kumi na miwili!" Shangazi alifoka. "Kumi na miwili, na yote ya kushoto! Hebu niambie, bibi, katika kwaya yangu kuna mtoto mwenye mikono miwili ya kushoto?"

"Nilivilaza uso kwa uso," alisema Bibi Mkasi. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kipande kikitazamana na mwenzake, mkasi ukipita mara moja unatoa mkono wa kulia na wa kushoto. Nimelaza hivyo miaka yote. Wewe mwenyewe nilikufundisha hivyo."

"Sasa mbona vyote vimelala upande mmoja? Vimejigeuza vyenyewe? Macho yako yamechoka, bibi. Kuanzia leo mkasi uweke hapo. Ukitaka kubaki, utakaa kwenye kile kigoda ukipunguza nyuzi. Usipotaka, mlango uko wazi."

Wateja walitikisa vichwa kwa huruma ile isiyosaidia mtu. Fundi Vifungo, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, siku hiyo aliinamia pasi yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Hivyo ndivyo lawama inavyosafiri. Haitafuti aliyekosa, inatafuta asiye na wa kumtetea, ikimpata inakaa.

Na Kinanda? Kinanda alichukua sumaku akaanza kuiburuta. Alijua kilichotokea. Alijua pia kwamba akisema, ubeti wa kwanza hauimbi tena. Siku hiyo hakuimba.

Alhamisi Bibi Mkasi alikuja saa ileile ya siku zote, akafunga aproni yake ileile, akaketi kwenye kigoda. Miaka yote alikuwa amefanya kazi akiwa amesimama kwenye meza ndefu, watu wakimtazama usoni. Sasa mtu akiingia alimwona utosi.

"Kinanda," aliita Shangazi huku akimpima mteja kiuno. "Jumapili iko mlangoni. Hebu tusikie ubeti wako."

Ubeti ule ulikuwa wa kumpenda jirani. Kinanda alisimama katikati ya chumba, akaanza, na kwenye mstari wa pili sauti ikakatika. Akaanza upya. Ikakatika palepale.

"Unakimbiza, mwanangu," alisema Bibi Mkasi kutoka kwenye kigoda, kwa upole. "Vuta pumzi kwanza. Sauti unayo, nzuri sana. Usiiogope."

Laiti angekemewa, pengine angevumilia. Lakini upole ule ulimchoma.

"Bibi, ni mimi!" alilia. "Nilijitanda kitambaa chako. Vikaanguka vyote. Nikavipanga vibaya. Bibi ulikuwa umelaza sawasawa, ni mimi!"

Shangazi aliushusha utepe wa kupimia, akamshika Kinanda mkono na kumvuta kuelekea chumba cha nyuma.

"Nimekusikia," alinong'ona. "Basi, futa machozi. Nitazungumza na bibi taratibu, wateja wakishaondoka."

"Hapana, mwanangu."

Alikuwa Bibi Mkasi. Alikuwa amesimama akimtazama Shangazi, nyuzi zimemjaa mapajani.

"Kusamehe nitakusamehe hata huko chumba cha nyuma, kwa kuwa na mimi nasamehewa kila siku. Lakini ulinishusha mbele ya watu, na watu hao wameshakwenda kusimulia kwamba Bibi Mkasi hana macho. Utanipandishaje chumbani, mlango umefungwa?"

Mteja aliyekuwa anapimwa alibaki mikono hewani, hajui aishushe au aiache. Shangazi alitazama mlango wenye jina lake juu. Alitazama kigoda. Kila Jumapili aliwasimulia watoto jinsi Bwana Yesu alivyopiga magoti kuwaosha wanafunzi wake miguu. Kusimulia ni rahisi. Alirudi katikati ya chumba, akapiga magoti sakafuni, pale penye vumbi la chaki.

"Mama," alisema, na ilikuwa miaka mingi hajamwita hivyo, "nimekukosea. Sikuuliza, nilihukumu. Ulinifundisha kazi hii, nikakuaibisha mbele ya watu. Nisamehe. Na wale wateja wawili nitawaendea mimi mwenyewe niwaambie."

"Na mimi," alisema Fundi Vifungo, pasi ameiacha imelala juu ya suruali. "Nilijua hukosei, Bibi. Nikanyamaza."

"Wewe simamisha hiyo pasi, unaunguza suruali ya mtu," alisema Bibi Mkasi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano watu walicheka. Kisha akamwinua Shangazi kwa mikono miwili. "Nimekusamehe. Inuka, kazi inangoja."

Lakini satini ya kijani ilikuwa imekwisha, na duka halikuwa na nyingine. Shangazi alifikiri kidogo, akafungua kabati na kutoa kitambaa cheupe alichokuwa amejiwekea kwa gauni lake la Jumapili.

"Mikono ya kulia itakuwa myeupe," alisema. "Mimi nitavaa gauni la mwaka jana."

Bibi Mkasi alichukua mkasi wake, ila hakugusa kitambaa. "Kinanda, laza wewe. Uso kwa uso. Mimi natazama."

Kinanda alilaza vipande sita, viwili viwili, vikitazamana.

"Lakini si tunataka mikono ya kulia tupu, Bibi?" aliuliza ghafla, mkono ukiwa bado juu ya kitambaa. "Nikilaza hivi si tutapata ya kushoto pia?"

Bibi Mkasi alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo! Nilikuwa nakupima. Leo ndipo vinatakiwa vyote vitazame upande mmoja. Sasa umekuwa fundi, maana umeuliza kabla mkasi haujapita."

Jumapili ubeti wa kwanza uliimbwa na mtoto mwingine. Shangazi ndiye aliyeamua hivyo, na Kinanda hakubisha. Aliimba katikati ya wenzake, sauti yake ikiwa imetoka kifungoni. Walipoinua mikono ya kulia, mikono sita myeupe ilipanda juu, na kanisa zima likauliza ni mtindo gani huo. Kila aliyeuliza baada ya ibada, Kinanda alimsimulia tangu mwanzo, bila kuruka kioo wala sumaku.

Bibi Mkasi alimsubiri mlangoni, akiwa ameshikana mkono na Shangazi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kuangusha vitambaa ilikuwa bahati mbaya. Kosa lilikuwa kunyamaza mwenzako akionewa. Upendo tunaouimba hapa unatakiwa kesho asubuhi, pale kwenye meza ya kukatia, wakati mtu anaonewa na wewe ndiye unayejua ukweli. Kama haufiki pale, basi tumevaa majoho tu."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Na kesho usisahau sumaku. Fundi Vifungo amemwaga pini kopo zima."