Mashine ya Nne Yagoma Kuzimwa

Haya yalimpata shemeji yangu, fundi wa kompyuta asiyeamini mizimu hata ya kwenye sinema. Mimi, fundi mwenzake, nilikuwa naye kwenye simu.

Hospitali moja ilikuwa na mashine saba zinazogawana kazi ya kutafuta mafaili ya wagonjwa. Ya nne ilikuwa imeharibika, kwa hiyo saa nane mchana akaingia chumba cha mashine kuizima kwa utaratibu wetu: hamishia mafaili yake kwenye zile sita, subiri anayetafuta amalize, ndipo uzime.

Mashine ikagoma.

"Inasema bado kuna mtu anatafuta," akaniambia.

"Nani tena? Si wodi zote tumeziambia zisubiri?"

"Huyu yumo humu humu. Anatumia kibodi ya kule nyuma."

"Shemeji, acha utani."

"Utani wa nini? Niko peke yangu hapa mbele na mlango nimeufunga." Akanisomea skrini. "Anatafuta jina langu."

Nikamwambia aizime kwa nguvu. Akasema ametulia tuli, anasikiliza. Chumba kile hakina dirisha, na taa zake, ya nyuma, ya katikati na ya mbele, kila moja huwaka mtu akitikisika chini yake na hujizima yenyewe asipotikisika. "Zimezimika," akasema. Nikasikia feni zikivuma, na katikati ya mvumo huo, vidole vikibonyeza kibodi taratibu.

"Tikisika basi, taa ziwake!"

"Sitikisiki ng'o," akanong'ona. "Taa ya kule nyuma imewaka."

Kibodi ikanyamaza.

"Shemeji," akasema, "sasa imewaka ya katikati."