Niliiba Sauti ya Mama Nikaichezea Jukwaani

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, sina mume, nina mtoto mmoja wa kike, na ninaishi Kambarage, hapa Shinyanga mjini. Shule niliishia kidato cha pili. Ukiona mahali maandishi yanapinda, unisamehe, msomaji mwenzangu.

Nina kawaida ya kuandika kwenye daftari mambo yanayonipata. Siyo kwamba ni makubwa... ni kwamba nisipoandika huwa najidanganya. Haya nimeyatoa humo. Nimeyasoma mara nyingi nikitafuta mtu wa kumlaumu, lakini kila nikifungua ukurasa najikuta mwenyewe.

Kwetu ni Didia. Mama yangu ni mkulima, na watu wote kijijini wanamwita Mama Masanja, kwa jina la kaka yangu mkubwa. Miaka sita iliyopita Masanja alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Siku moja kifusi kilishuka ndani ya duara, lile shimo walimokuwa wakichimba. Walitolewa watu watatu. Masanja hakutolewa... Walichimbua siku nyingi, mwisho wakatuambia udongo unazidi kuporomoka na hawawezi kuhatarisha wengine. Tuliweka matanga bila mwili. Mama hakulia mbele za watu.

Lakini alianza jambo moja. Kila akiipua chungu cha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, alikuwa anaita. Ni kama wimbo, ni kama kuita mtoto aliye mbali shambani. Aliita kwa Kisukuma, maneno machache tu, kwamba Masanja njoo, michembe imeiva, njoo ule kabla haijapoa. Aliurudia mara tatu au nne, basi. Sisi wengine, mimi na mdogo wangu, tulinyamaza mpaka amalize, kisha akapakua. Hakuna aliyetuambia tunyamaze, na hakuna aliyewahi kuuimba isipokuwa yeye. Ulikuwa wake.

Sasa niseme habari ya kikundi. Nilijiunga na kikundi cha dansi ya kisasa hapa mjini. Siyo ngoma ya kienyeji, siyo shoo ya bendi. Ni kucheza ambako mwili unasimulia habari. Nilipomwonyesha mama uani aliniangalia mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa hapo, mwanangu, unaumwa wapi?" Tulicheka sana siku hiyo!

Kiongozi wetu ni Dada Zuhura, mama wa Kiislamu aliyezaliwa hapahapa mjini, mtu wa haki. Tunafanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la pamba tuliloachiwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri. Kila mwaka Dada Zuhura hualika wasanii wageni. Wanakaa nasi wiki kadhaa, tunatengeneza mchezo mpya pamoja. Mwaka jana alikuja mwalimu wa kucheza kutoka Nairobi, ambaye simsemi kwa sababu hakuhusika, na mtunzi wa muziki kutoka Dar es Salaam aliyeitwa Fredi.

Fredi alikuwa kijana mpole, mwenye kompyuta yake na spika mbili. Siku ya kwanza alituambia hataki kutuletea muziki wa Dar. Kila mmoja wetu amletee sauti ya kwao, ataziunganisha zote ziwe muziki wa mchezo. Kisha akasema neno lililoniponza: sauti yako itakapolia, wewe ndiye utakayecheza mbele, peke yako.

Peke yako! Mimi nilikuwa na miaka miwili nachezea nyuma.

Wenzangu wakaleta. Jumanne alileta mngurumo wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mwingine alileta kengele za ng'ombe wa mjomba wake. Mimi nikarekodi mlio wa mtwangio kwenye kinu. Fredi akasikiliza kwa adabu yote, akasema, "Dada Minza, mtwangio nimeletewa na watu wanne." Wenzangu wakacheka. Jumanne akanitania, "Leta hata kukoroma, shangazi!" Ilikuwa utani tu. Lakini kuitwa shangazi na watoto wa miaka ishirini kuliniuma... Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshakata shauri, ingawa nilijifanya bado nafikiri.

Jumapili nikapanda gari kwenda Didia. Mama alikuwa anapika michembe. Niliweka simu kwenye ungo, nikaifunika kwa kanga. Kwa nini niliifunika? Hilo swali nimejiuliza mpaka nimechoka. Kama nilidhani si vibaya, kwa nini nifunike? Nilijua nikimwomba atakataa. Kwa hiyo sikuomba.

Akaipua chungu. Akaita. Simu ikachukua yote.

Kesho yake Fredi aliposikiliza alivua vipokea sauti. Akaniuliza ni nani huyo. Nikamwambia ni mama yangu, anamwita kaka yangu aliyefia machimboni. Akaniuliza, "Mama anajua kwamba umemrekodi?"

Nikasema anajua.

Akaniuliza tena, "Na amekubali ichezwe mbele za watu?"

Nikasema amekubali, tena amefurahi.

Naomba msomaji ulishike hilo. Fredi aliuliza mara mbili. Watu wengine walionisikiliza wamesema wageni wa mjini ni wezi, wanakuja kuchukua vya watu na kuondoka. Pengine wapo. Huyu hakuwa mwizi. Mwizi nilikuwa mimi.

Fredi aliichukua ile sauti, akaweka chini yake lile karasha la Jumanne, polepole, kama moyo unaopiga. Neno "Masanja" akalifanya lijirudie, lijirudie, kama mtu anayeita bondeni. Ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri mno. Nilicheza mbele, peke yangu, na wenzangu walilia mazoezini. Hata Jumanne aliacha kuniita shangazi.

Onyesho la kwanza lilipangwa Kahama, mchana wa Jumamosi, kwenye ukumbi mmoja wa sherehe. Wiki ile Dada Zuhura akatuita, uso umejaa furaha, akasema ameandaa zawadi. Amekodi kigari, atawaleta wazazi wetu waje watuone!

Wenzangu walipiga vigelegele, mimi nikatafuta ukuta wa kuegemea.

Nilimpigia mama, nikamwambia gari ni dogo, huenda nafasi isitoshe. Akanijibu, "Nitasimama." Nikamwambia Kahama kuna vumbi. Akasema, "Vumbi la huku Didia hulioni?" Alikuwa ameshasuka nywele.

Nikamfuata Fredi, nikamsihi aitoe sauti yangu. Akanishangaa. Mchezo mzima ulikuwa umejengwa juu ya kile kipande, akaniambia, na zimebaki siku mbili. "Ni woga wa jukwaa, Minza, utapita." Ningemwambia ukweli angeitoa, najua. Lakini ningesemaje bila kusema kwamba nilimdanganya? Nafasi hiyo nilipewa na Mungu, nikaitupa.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa wafanyabiashara wa mchele, vijana wa machimbo waliokuja mjini kustarehe, akina mama na watoto wao. Mama yangu aliketi mstari wa pili, kitenge kipya, mikono juu ya magoti kama yuko kanisani. Aliponiona natokea alitabasamu.

Kisha sauti yake ikatoka kwenye spika.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale, kama mtu aliyesahau kulitoa. Nadhani alidhani masikio yanamdanganya. Masanja... Masanja... njoo, michembe imeiva... Akageuka nyuma kutazama ni nani anayeita. Akatazama spika. Halafu akanitazama mimi.

Na miguu yangu ilikuwa inaendelea kucheza! Haikusimama. Nimeandika kwenye daftari jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: watu walipoanza kushangilia, nilifurahi. Kwa pumzi moja tu, lakini nilifurahi. Mama ananitazama vile, na mimi nafurahi. Mtu wa namna gani mimi?

Ndipo kijana mmoja, nyuma kabisa, akaitikia kwa sauti kubwa, akimwita mama kwa Kisukuma, "Nakuja, mayu! Niwekee na karanga!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hakuwa na ubaya. Watu wa kwetu tumezoea kuitikia ngoma, mwimbaji akiita lazima ajibiwe, kukaa kimya ni kama kumdharau. Angejuaje? Lakini kwa miaka sita mama alikuwa akiita, na hakuna sauti iliyowahi kumjibu. Siku hiyo ilimjibu.

Mama alisimama. Hakupiga kelele. Alijifunika kichwa kwa kanga, akapita katikati ya watu akatoka nje.

Nilimkuta baadaye amekaa ndani ya kigari. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi. Nilisema yote niliyoweza kusema. Hakuonekana kunisikia. Akaniuliza kitu kimoja tu, "Yule aliyeitikia ni nani?"

Nikamwambia ni kijana tu, mayu, anatania.

Akasema, "Alikuwa na sauti ya kaka yako."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya... Nilidhani kosa langu lilikuwa kumwaibisha. Kumbe nilikuwa nimempa tumaini! Mtu ambaye mwili wake haukuonekana, ameitwa, naye ameitikia mbele za watu. Utamwambia nini mama?

Tangu siku hiyo kila siku ya gulio mama alipanda gari kwenda Kahama. Alisimama nje ya ule ukumbi, akitazama vijana wanaopita. Shamba likamea majani. Majirani walianza kuniuliza, "Mama Masanja yuko sawa kweli?" Nilimfuata, nikamsihi, nikalia. Alinijibu kwa upole, na upole ndio ulioniua, "Wewe mwanangu rudi kazini kwako. Mimi nipo tu."

Nilimweleza Dada Zuhura kila kitu. Aliniambia nimemvunja moyo, na alikuwa na haki. Akampigia Fredi. Fredi naye akanipigia. Alisema ameifuta ile sauti na mchezo hautachezwa tena. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Lakini vipande vilivyorekodiwa na watu ukumbini vilishasambaa kwenye simu, na mpaka leo ninavisikia vikilia kwa waendesha bodaboda. Hivyo nani atavifuta?

Nikaona limebaki jambo moja, kumtafuta yule kijana. Ilinichukua wiki tano za kuuliza. Nilimpata kwenye kibanda cha chai, anaitwa Paulo, mchimbaji, kwao ni upande wa Sengerema. Nilipomweleza aliweka kikombe chini, akashika kichwa. Akasema na yeye ana mama. Hakutaka hata nauli. Alikuja.

Mama alikuwa anatandaza michembe juani. Paulo alisimama mbali kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akaitika marahaba bila kuinua uso. Nikamwambia ndiye huyu. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akamwangalia Paulo kuanzia juu mpaka chini, halafu tena juu.

Akamwambia, "Sema kama ulivyosema siku ile."

Paulo alinigeukia mimi. Ningemsaidiaje? Akasema, "Nakuja, mayu..." Hakuweza kumalizia ile ya karanga.

Mama alisikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa. Kisha akasema, "Siye." Akaingia ndani, akatoa kigoda, akamkaribisha Paulo akae, akampikia. Alipoipua chungu mimi na mdogo wangu tulinyamaza kama kawaida yetu, tukisubiri.

Hakuita. Alipakua tu.

Ni miezi minane sasa, hajaita tena. Haendi Kahama. Analima, anakula, ananijulia hali ya mtoto. Nilipomwomba msamaha mara ya mwisho alisema amekwisha kunisamehe, nisimsumbue. Watu wananiambia ni heri, kwamba sasa amekubali na moyo umetulia. Inawezekana wana haki. Mimi najaribu kuamini, nashindwa. Kuna siku nafikiri nilimwondolea mzigo, na kuna siku nafikiri nilimnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho cha mwanawe. Sijui ipi ni kweli, na kumwuliza naogopa.

Kikundi nimekiacha. Siyo kwamba nilifukuzwa, Dada Zuhura alisema nikae. Ila muziki ukianza nasikia kile kicheko.

Ndugu zangu mnaocheza, mnaoimba, mnaoandika, wageni watakuja na watawaomba vya nyumbani kwenu. Si dhambi kuwapa. Lakini kaulizeni kwanza mwenyewe, uso kwa uso, na akisema hapana, chezeni nyuma. Kuchezea nyuma hakuui mtu! Na ukiulizwa kama mama anajua, na hajui, tafadhali, nakuomba kwa magoti, sema hajui. Neno ni moja tu, na mimi lilinishinda.

Na kama yupo miongoni mwenu aliyewahi kumrudishia mtu kitu cha namna hii, kitu kisichoshikika kwa mkono, aniambie alifanyaje. Mimi njia zote nimezijaribu.