Sweta la Mkono Mmoja

Pasaka ya mwaka 1954, mzee Anania, seremala wa Makambako, aliwapakia wote kwenye basi, mke na watoto, wakaenda Njombe kumtembelea mdogo wake. Watoto walijua wameletwa kula sikukuu. Yudita, binti mkubwa, alijua zaidi: Jumatatu saa kumi jioni Kefa, karani wa shamba la miwati, angekuja na mshenga wake kumposa.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo mama alimtuma sokoni kununua viazi. Yudita akavaa gauni la maua ya njano na kitambaa kipya kichwani, maana mji ni mdogo na Kefa hakai mbali. Kweli alimkuta, penye vibanda vya mafundi. Kefa kasimama mikono juu, na mwanamke mmoja mwenye shingo ndefu anamzungushia futi kifuani. Wanacheka wote wawili.

Mezani palikuwa na sweta la buluu, sweta alilolifuma Yudita kwa miezi minne, akampelekea Kefa wakati wa Krismasi. Mkono wake mmoja ulikwisha fumuliwa.

Pamoja na baridi yote ile, Yudita alihisi masikio yanawaka moto. Wivu ulimshika vibaya, hata viazi akavisahau.

"Kamwene, Kefa," akamsalimu. "Endelea kupimwa, nisikukatize."

Kefa alishusha mikono. "Yudita, ngoja nikueleze."

"Kamweleze mshenga wako. Mwambie asijichoshe kuja."

"Mpenzi, huyu ni Jeni, fundi wa..."

"Jina lake sikukuuliza."

Alikwisha geuka aondoke Kefa aliposema, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye aibu, "Sweta halinienei. Nililivaa mara moja tu. Wenzangu wawili ndio walionivua."

Yudita akasimama. "Mbona hukuniandikia?"

"Niandike nini? Kwamba umenifumia la mtoto wa shule? Nilitaka leo baba yako anione nalo. Uzi wa rangi hii haupatikani Njombe nzima, ndiyo tukafumua mkono tuongezee mbavuni."

"Dada, ulimpimaje huyu?" Jeni aliuliza.

"Kwa macho. Kanisani, alipokuja kwetu, kutoka benchi la wanawake."

Jeni alijikaza asicheke, ikamshinda. Akamnyoshea futi. Yudita akampima Kefa yeye mwenyewe, polepole, mara mbili, mbele ya soko zima. Kisha akaketi, akashika sindano, wakafuma pamoja, yeye na Jeni, mpaka alasiri. Mama alipika ugali.

Saa kumi Kefa aliingia na mshenga. Sweta lilimkaa sawasawa kifuani, mkono wa kushoto haupo.

Mzee Anania alilitazama bega lile la kushoto. "Kijana, mkono mwingine uko wapi?"

Mshenga alifungua kinywa. Yudita, ambaye siku ile hakutakiwa kusema neno, akatua birika la chai.

"Huo nitaufumia kwake, baba."