Maji ya Evelio

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: kompyuta ilimuuliza Yudelkis jina lake, akaandika, nayo ikajaza "Evelio".

"We mashine una wazimu," akasema, akafuta. Ikarudisha Evelio.

Fundi Evelio alikuwa amekufa tangu Machi. Intaneti ya Santa Clara ilisuasua, kwa hiyo vifaa vyote vya kuandikia programu vilitoka kwenye diski yake, mtaa mzima ukiazima. Saa tisa Yudelkis angetetea tasnifu yake, na bila vifaa hivyo programu yake isingewaka.

Mjane wake Nereida, mganga mwenye jina, hakuwa mchoyo. "Chukua, mwanangu. Ila mwekee marehemu glasi ya maji juu ya meza, umwombe ruhusa. Na maji yake usiyaguse."

Glasi aliiweka. Ruhusa hakuomba, aliona haya kuongea na glasi. Saa sita joto likamzidi, koo limekauka, na huku macho yapo kwenye kioo cha kompyuta akagugumia maji yote.

Chumba kikanuka tumbaku. Yudelkis hakuvuta, na bibi yake alikuwa amelala sebuleni.

Umeme ukakatika. Mtaa ukapiga kelele ya kulalamika, feni ikasimama, lakini kompyuta iliendelea kunguruma. Upakiaji wa vifaa ulikuwa asilimia sitini. Akachomoa waya ukutani, asilimia sabini, akakimbilia mlango ukakataa, akavuta kitasa mpaka viganja vikachubuka, na harufu ile ikamkaribia kisogoni, ikamwingia puani, ikashuka kifuani taratibu kama mtu anayejua njia ya kwake, hata asilimia zilipofika mia moja akaona uso wake mwenyewe umeinama mbele yake, unamtazama kutoka ng'ambo ya kioo, unacheka.

Yeye ndiye aliyekuwa ndani.

Akapiga ukelele. Zikatokea herufi: BIBI NIOKOE. Mkono uliokuwa wake ukazima kioo.

"Yude?" Bibi Hortensia alinong'ona mlangoni. "Mbona kimya, mama?"

"Niitie Nereida," sauti nzito ikajibu.

Bibi alitoka mbio na ndara mguu mmoja. Nereida alifika na sigara kubwa na kitambaa cheupe, na mlango uliomkatalia Yudelkis ukamfungukia yeye kwa kidole kimoja.

"Kaa mbali, Hortensia. Amejificha kwenye diski."

"Atapona?"

"Keshapona. Mtazame."

Akaichomoa diski. Ndani ya giza lile Yudelkis alihangaika asipate ukuta wa kugonga. Kitambaa kilipokuwa kikizungushwa alimsikia Nereida akisema chini chini, kwa upole wa mke: "Kahawa iko jikoni, Evelio. Nilijua kwa joto hili atayanywa."

Kisha diski ikapewa bibi, aizike nyuma ya banda la kuku, asigeuke nyuma.

Yudelkis aliisikia ndara moja ikiburuzika uani. Akasikia jembe. Bibi yake, aliyemlea tangu ananyonya, alikuwa akilia kwa furaha na kumshukuru Mungu kwa uhai wa mjukuu wake. Udongo wa kwanza ukaanguka.

"Ozea humo," bibi akasema, "shetani mkubwa wewe."