Yowe la Ubongo

Kipimanafsi kilishusha mkono wake mwembamba, kikamgusa Ryoba unyayoni kwa ncha ya moto, kisha kikausikiliza ubongo wake. Ndivyo kilivyofanya kazi: mwenye nafsi huumia, na ubongo unaoumia hupiga yowe hata kama mwili umepooza. Yowe likisikika, taa ya kijani. Huyo ni mtu, atauguzwa. Lisiposikika, taa nyekundu. Huyo ni mwili tu, viungo vyake wapewe wanaovihitaji. Nchi nzima ilikiamini, na sheria ikakifuata.

Taa ikawaka nyekundu.

Mhandisi Bhoke, aliyekiunda, alikisogelea kitanda. Aliyelala pale ni kaka yake wa tumbo moja, ameanguka kutoka mnara wa umeme.

"Rudia," alisema.

"Nimesharudia, Mhandisi," Dakta Lyimo alijibu kwa upole. "Kifaa chako hakijawahi kukosea. Pole sana. Chumba cha upasuaji kinasubiri."

Nyangi, mke wa Ryoba, aliinuka kwa hasira.

"Wifi, hivi wewe Mkurya gani? Kaka yako alisimama mbele ya kisu cha jando, ukoo mzima unamtazama, hata kope haikucheza! Tangu utotoni kafundishwa kuyameza maumivu. Leo unamchoma ili apige yowe? Thubutu! Atakufa kwanza."

Bhoke akashika kichwa. Mungu wangu! Kifaa alikijaribu kwa wanafunzi wa chuo, vijana wa mjini wanaoruka wakiona sindano. Jando halikumjia akilini kabisa, yeye aliyezaliwa huku huku.

Akaizima ncha ya moto, akainama sikioni mwa kaka yake.

"Ryoba, umetuaibisha. Umelia mbele ya kisu, na watu wote wamekuona."

Papo hapo taa ikawaka kijani.

Nyangi alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka. Dakta naye akacheka kwa furaha. Bhoke hakucheka.

"Dakta, hapa ni Ukuryani. Wanaume wa huku waliowahi kuwakiwa taa nyekundu, wapo?"

"Wengi tu," Dakta alisema, na kicheko kikamkauka.

"Mlipowatoa viungo, mliwapa dawa ya usingizi?"



"Mwongozo uliuandika wewe, Mhandisi. Ulisema dawa ya usingizi ni ya watu."