Bosi Hakuwa Mvivu

Letisia alikuwa amechoka. Mchana alichimba viazi, jioni alipanda mlimani kulinda miti ya maparachichi. Wezi wa maparachichi hawana likizo. Yeye na mumewe, Bonaventura, walimtegemea Bosi, mtoto wa mbwa wao. Akikua, yeye ndiye angelinda miti.

Lakini Bosi hakukua vizuri. Akipanda mlima kidogo tu, alikohoa na kulala chini.

"Mvivu huyu!" Bonaventura alisema, akimvuta kwa kamba. "Akimbizwe kila siku, atazoea."

"Baba Angela, mwache," Letisia alimwambia mumewe. "Leo ameanguka kabisa."

Wakampeleka kwa Ebeneza, daktari wa mifugo. Ebeneza alisikiliza kifua cha Bosi kwa muda mrefu.

"Moyo wake unavuma," alisema.

"Ni minyoo?" Letisia aliuliza.

"Hapana, mama. Amezaliwa hivi. Mtoto akiwa tumboni hapumui. Kuna mshipa mdogo unaopitisha damu kando ya mapafu. Akizaliwa, mshipa hujifunga. Wa Bosi umebaki wazi. Damu inarudi mapafuni ilikotoka, na moyo unaisukuma upya. Unachoka. Baba yake ni mbwa gani?"

Bonaventura alijikuna kichwa. "Ni kaka wa mama yake. Mbegu ya mbwa wakali haitoki nyumbani kwangu."

"Hapo ndipo mlipokosea. Ndugu wakizaana, kasoro zilizojificha hujitokeza kwa urahisi. Msiwazalishe tena, na huyu asizae. Upasuaji wa kufunga mshipa upo, ila mimi sina vifaa. Nitampa dawa ya kumpa nafuu, lakini haitamponya. Asikimbizwe."

"Kumbe nilikuwa namuua," Bonaventura alisema kwa sauti ndogo.

Alimbeba Bosi hadi nyumbani. Baba wa Bosi alihasiwa. Mama yake akafungwa kizazi. Bosi aliota jua uani, bila kamba. Mvua zilipoanza, alikufa. Letisia alilia, na hakumwonea mtu haya.

Baadaye walileta mbwa mwingine kutoka Makambako, asiye na undugu na wale wa nyumbani. Kabla hawajamchukua, Ebeneza alimsikiliza moyo. Ulikuwa mzima.

Mbwa huyo alipokomaa, jioni moja alipanda mlima wote akibweka.

"Mama Angela, leo usije," Bonaventura alisema. "Nitakwenda naye mimi."

Letisia alikaa jikoni. Alisinzia kabla maji ya ugali hayajachemka.